Mkasi na Kivuli: Lotte Reiniger na Usimulizi wa Alfu Lela Ulela katika Filamu

Wataalamu wa fasihi simulizi wameandika mengi juu ya mabadiliko yanayoipata hadithi inapotoka kinywani mwa fanani na kuingia katika kurasa za kitabu. Uhamisho wa pili, yaani ule wa kutoka kitabuni hadi kwenye pazia la sinema, una maswali yake, na maswali hayo huwa magumu zaidi pale ambapo filamu yenyewe haina mwigizaji wala sauti ya mtu. Makala haya yanakusudia kuieleza kazi ya Lotte Reiniger, mwelekezi na mtunzi wa Kijerumani aliyeishi tangu mwaka 1899 hadi 1981, ambaye aliichukua mikasa ya Alfu Lela Ulela na kuisimulia kwa vivuli vya karatasi. Msomaji wa Kiswahili ana haki zaidi ya moja ya kujishughulisha na kazi hii. Mikasa hiyo anaijua, kwa kuwa ilikwisha tafsiriwa na Edwin Brenn na kuhaririwa na Frederick Johnson zama za ukoloni wa Waingereza, nayo imesomwa shuleni kwa vizazi kadhaa. Aidha, katika filamu hiyo yumo mtu anayeitwa Mwafrika, na mtu huyo ndiye mwovu.

Yafaa kuanza na neno. Kiswahili kina neno *karagosi*, ambalo kamusi hulieleza kuwa ni sanamu ya kuchezeshwa kwa mkono au kwa kamba. Asili yake ni Karagöz, yaani Jicho Jeusi, mhusika mkuu wa michezo ya vivuli ya Waturuki, aliyechezeshwa nyuma ya kitambaa chenye taa katika miji mingi ya dola ya Uthmaniya. Jina hilo lilipita katika Kiarabu kabla ya kutufikia. Hivyo, lugha ilipokea jina la kivuli lakini ikaliweka juu ya sanamu. Mchezo wenyewe haukusafiri pamoja na neno. Reiniger alikuwa mrithi wa sanaa hiyo ya vivuli, ya Waturuki na ya Wachina pia, na alilolifanya ni kuutoa mchezo nyuma ya kitambaa na kuuweka mbele ya kamera.

Alizaliwa tarehe 2 Juni, 1899, katika Charlottenburg, mji ambao baadaye uliunganishwa na Berlin. Tangu utotoni alikuwa hodari wa kukata maumbo ya watu na wanyama kwa mkasi bila ya kuyachora kwanza, na nyumbani alijitengenezea jukwaa dogo la vivuli akaigiza humo tamthilia za Shakespeare. Mwaka 1915 alimsikia mwigizaji na mwelekezi Paul Wegener akihutubia juu ya uwezo wa ajabu wa kamera, na tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Aliingia katika shule ya maigizo ya Max Reinhardt ili apate kuwa karibu na Wegener. Pale alijijulisha kwa njia iliyomfaa: waigizaji walipokuwa jukwaani, yeye alisimama pembeni akikata vivuli vyao. Wegener alipovutiwa na vivuli hivyo akampa kazi ya kuzipamba kadi za maandishi katika filamu zake.

Kisa cha panya hakina budi kutajwa, maana ndicho kilichomfungulia mlango. Mwaka 1918 Wegener alikuwa akitengeneza filamu ya mpiga zumari wa Hameln, anayewaongoza panya wote wa mji hadi mtoni. Panya hai hawakukubali kuongozwa na yeyote. Wakajaribiwa simbilisi, nao wakafanya vivyo hivyo. Mwishowe wakachongwa panya wa mbao, na Reiniger akawa miongoni mwa waliowasogeza kidogo kidogo, huku kila msogeo ukipigwa picha yake. Mwaka uliofuata alipelekwa kwenye taasisi ya utafiti wa utamaduni iliyokuwa ikiongozwa na Hans Cürlis mjini Berlin, akatengeneza filamu yake ya kwanza ya vivuli. Huko ndiko alikokutana na Carl Koch, waliyeoana mwaka 1921, naye akawa mpiga picha na mshauri wake hadi alipofariki mwaka 1963.

Namna ya utengenezaji inahitaji maelezo, kwa sababu fani yote ya Reiniger imo humo. Kila mhusika alikatwa katika karatasi nene nyeusi, na mahali penye kuhitaji uzito palitiwa bamba jembamba la risasi. Kichwa, shingo, kiwiliwili, mikono na miguu vilikatwa mbalimbali, kisha vikaunganishwa kwa waya mwembamba kwenye viungo. Mhusika mkuu aliweza kuwa na vipande vingi sana, na pale alipotakiwa kuonekana kwa karibu alikatwa upya kwa ukubwa mwingine. Kikaragosi kililazwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Mandhari ya nyuma ilitengenezwa kwa karatasi nyepesi zilizopandanishwa, ambazo kila zilipoongezwa tabaka ndivyo zilivyozidi kufifisha nuru. Kamera ilining'inizwa juu ikitazama chini. Msanii alisogeza mkono wa kikaragosi kwa kiasi cha unywele, akapiga picha, akasogeza tena. Sekunde moja ya mwendo ilihitaji picha kama ishirini hivi. Atakayeona kwamba huo ni uvumilivu wa ajabu hatakosea, ila asisahau kwamba mshona kofia wa Lamu naye huhesabu matundu yake mmoja mmoja.

Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilikuwa imeporomoka kiasi cha kutokuwa na thamani. Mwenye benki mmoja, Louis Hagen, alikuwa amenunua mikanda mingi ya filamu tupu ili kuiokoa mali yake, akaona ni afadhali mikanda hiyo itumiwe. Alimpa Reiniger chumba cha darini juu ya banda la motokaa huko Potsdam, na akamwomba atengeneze filamu ndefu. Jambo hilo lilikuwa karibu na wazimu. Filamu za vikaragosi wakati ule zilikuwa za dakika chache na za kuchekesha tu. Ni kweli kwamba Quirino Cristiani alikwisha kutengeneza filamu ndefu ya namna hiyo nchini Argentina mwaka 1917, lakini hiyo imepotea. Kwa hiyo kazi iliyotoka katika dari lile la Potsdam ndiyo filamu ndefu ya vikaragosi iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia, na ilitangulia ile ya kwanza ya Walt Disney kwa zaidi ya miaka kumi.

Filamu hiyo ni *Die Abenteuer des Prinzen Achmed*, yaani Visa vya Mwana wa Mfalme Ahmed. Ilichukua miaka mitatu. Koch alishika kamera. Walter Ruttmann alitengeneza miujiza ya moto na moshi. Berthold Bartosch alitengeneza bahari na nyota. Wolfgang Zeller alitunga muziki. Yasemekana Ruttmann alimwuliza Reiniger kisa kile kinahusiana nini na mwaka 1923, nchi ikiwa katika hali ile, naye akajibu kwamba hakina uhusiano wowote ila kwamba yeye yu hai wakati huo na hiyo ndiyo kazi anayotaka kuifanya. Wako watakaoliona jibu hilo kuwa la mtu anayekwepa wajibu wa msanii kwa jamii yake. Lakini maudhui ya kazi hayapimwi kwa kauli za mtunzi, na filamu yenyewe, kama itakavyoonekana, haikujitenga na dunia kama mtunzi wake alivyodhani.

Muhtasari wake ni huu. Mchawi wa Kiafrika anamletea Khalifa farasi arukaye, na kwa malipo anamtaka binti yake, Dinarsade. Ahmed, nduguye binti, anapinga. Mchawi anamlaghai ampande yule farasi, ambaye Ahmed anajua namna ya kumpaisha lakini hajui namna ya kumshusha. Anatupwa katika visiwa vya Wakwak, anamkuta Pari Banu akioga ziwani, anamficha vazi lake la manyoya na kumchukua. Mchawi anamwiba Pari Banu na kumwuza kwa mfalme wa Uchina. Bibi mchawi wa mlima wa moto, aliye adui wa yule Mwafrika, anamsaidia Ahmed; kisha anaingia Aladini na taa yake; kunakuwa na vita kati ya bibi na mchawi; na mwishowe kila mmoja anapata mchumba wake.

Msomaji wa Alfu Lela Ulela atatambua mara moja kwamba hiki si kisa kimoja. Farasi ni wa hadithi ya farasi wa mpingo. Ahmed na Pari Banu wana hadithi yao wenyewe. Vazi la manyoya na visiwa vya Wakwak ni vya Hasan wa Basra. Aladini anajulikana. Hata vita vya kugeukageuka vina mfano wake katika kisa cha binti mfalme aliyepigana na jini, wakawa simba na nyoka, nge na tai, jogoo na samaki, hadi wakawa moto. Reiniger ndiye aliyezifuma hadithi hizi zikawa kitambaa kimoja, na kwa kazi hiyo anastahili kuitwa mtunzi wala si mwelekezi peke yake. Uzi aliofumia ni yule mchawi. Bila yeye visa vinabaki vipande. Yeye ndiye mwenye farasi, ndiye mwizi wa Pari Banu, ndiye mwenye uadui na Aladini.

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Katika tafsiri ya Kifaransa ya Antoine Galland, iliyoeneza hadithi hizi Ulaya mwanzoni mwa karne ya 18, mwenye farasi ni Mhindi. Katika matoleo ya Kiarabu ni hakimu wa Kiajemi. Kwa Reiniger amekuwa Mwafrika. Sababu yake ni ya kifani: alitaka mwovu mmoja, na mwovu aliyekuwa amekwisha kuwa maarufu Ulaya ni yule mchawi wa Aladini, ambaye Galland alimwita Mwafrika. Neno hilo la Galland lina historia yake. Hadithi ya Aladini haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu. Galland aliisikia mjini Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, msimulizi kutoka Halab nchini Shamu. Katika maandishi ya Kiarabu yaliyotokea baadaye mtu huyo huitwa Maghribi, yaani mtu wa Maghrib, nchi za Moroko na jirani zake, ambako Waarabu wa mashariki walipasifia kwa uchawi na elimu za siri. Na Afrika katika vinywa vya wasomi wa Ulaya wa zama za Galland ilikuwa kwanza ni ile Afrika ya kaskazini, Ifrikiya ya Waarabu. Kufikia mwaka 1926 maana ilikuwa imehama. Neno lilibaki pale pale, lakini mtazamaji wa Berlin aliyelisoma hakuwaza Fasi wala Tunisi. Aliwaza bara zima, ambalo sehemu yake nchi yake ilikuwa imelitawala hadi miaka michache iliyopita, Tanganyika ikiwemo.

Sikio la Mswahili linapata mzaha mwingine katika jambo hili. Maghrib na magharibi ni neno moja. Mchawi wa Maghrib, kwa asili ya neno, ni mchawi wa upande wa kuchwea jua; tafsiri ya Kifaransa ikamfanya wa Afrika, na msimulizi wa Kijerumani akamkabidhi maovu ya Mhindi na ya Mwajemi juu ya yale yake.

Je, filamu inamwonyeshaje Mwafrika huyu? Katika filamu ya vivuli watu wote ni weusi. Khalifa ni mweusi, Ahmed ni mweusi, Pari Banu ni mweusi. Rangi haiwezi kubeba ubaguzi, kwa kuwa haitofautishi yeyote na mwenziwe. Mtunzi hana budi kutumia umbo, na Reiniger alimpa mchawi wake mgongo uliopinda, vidole virefu kama makucha, pua ya ndoano na mwendo wa kutambaa, ambapo Ahmed ana mgongo ulionyooka. Hakuna chochote katika umbo hilo kinachomfanya awe mtu wa Afrika. Ni umbo la mchawi wa ngano za Kijerumani, zile za kina Grimm, ambazo Reiniger alizikata kwa mkasi maisha yake yote. Uafrika wake wote umo katika kadi ya maandishi. Ikiondolewa kadi, umeondoka. Kwa mwanaisimu huu ni mfano safi wa jinsi neno moja linavyoweza kuipa picha maana ambayo picha yenyewe haina.

Wakwak nao wanastahili neno. Reiniger alivichukua visiwa hivyo kama mahali pasipokuwapo, makao ya majini. Wanajiografia wa Kiarabu walivitaja kwa kusadiki. Wengine waliviweka mashariki ya mbali, upande wa Uchina. Lakini al-Masudi, aliyesafiri katika pwani ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliiweka nchi ya Wakwak pamoja na Sofala, mwisho wa nchi ya Zanji, akaisifu kwa dhahabu. Kwa hiyo Ahmed wa filamu, anapotupwa na farasi wake katika visiwa vya maajabu, kwa hesabu ya al-Masudi ameanguka kusini tu ya Kilwa.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Mei, 1926, katika ukumbi wa Volksbühne, Berlin, kisha Paris, ambako Jean Renoir aliipenda na akawa rafiki wa Reiniger na Koch kwa muda mrefu. Uzuri wake haukanushiki. Kivuli hakina uso wa kukunja wala jicho la kulia. Huzuni lazima ionekane katika mteremko wa bega, na haya katika kugeuka kwa shingo. Tena kivuli kikitazama mbele huwa donge tu, hivyo wahusika wote huonekana kwa upande, na wawili wanaposema lazima waelekeane. Mtindo huo ni ndugu wa majibizano ya ngano zetu, ambamo msimulizi hatuelezi mtu anawaza nini bali anasema nini na kutenda nini, kitendo kikifuatana na kitendo, akaenda, akafika, akamkuta. Filamu ya vivuli haina wakati mwingine wa kitenzi ila huo wa *-ka-*.

Baada ya hapo maisha yake hayakuwa na utulivu tena. Mwaka 1928 alitoa filamu ya Daktari Dolittle na wanyama wake, ambayo pia inampeleka shujaa Afrika, na ambayo haifikii ile ya kwanza. Sauti ilipoingia katika sinema aliifuata kwa njia ya muziki, katika *Carmen* ya mwaka 1933 na *Papageno* ya mwaka 1935. Hizi ni kazi ndogo lakini kamilifu. Yeye na Koch hawakupatana na siasa ya Wanazi, na wengi wa rafiki zao walikuwa Wayahudi. Waliondoka Ujerumani katikati ya miaka ya 1930, lakini kwa kukosa ruhusa ya kukaa popote wakawa wanahama kati ya Uingereza, Ufaransa na Italia. Katika muda huo Reiniger alimtengenezea Renoir mchezo wa vivuli uliomo katika *La Marseillaise* ya mwaka 1938. Wakati wa vita alirudi Berlin kumtunza mama yake mgonjwa. Mwaka 1949 alihamia London.

Huko, pamoja na mwana wa yule Hagen wa Potsdam, alitengeneza kati ya mwaka 1953 na 1955 hadithi zaidi ya kumi za televisheni, miongoni mwazo Aladini na Farasi wa Ajabu. Ile ya Mshoni Jasiri ilipata tuzo Venice mwaka 1955. Mkono ni ule ule, lakini filamu hizi zina msimulizi anayesema juu ya picha, naye aghalabu husema lile ambalo jicho limekwisha kuliona. Fanani wa kweli husema lisiloonekana. Kivuli kilichokuwa kikisimulia chenyewe mwaka 1926 kimefanywa hapa kuwa kielelezo cha maneno ya mwingine, na ni vigumu kuliona jambo hilo kuwa ni maendeleo.

Mumewe alipofariki aliiacha kazi ya filamu kwa miaka mingi. Mwaka 1970 kilitoka kitabu chake cha Kiingereza juu ya michezo na filamu za vivuli, ambacho hadi sasa ni mwongozo mzuri kwa mwalimu anayetaka kuujaribu ufundi huu darasani kwa karatasi na taa. Ujerumani ilimtunukia tuzo ya filamu ya dhahabu mwaka 1972. Akaitwa Kanada, na mwaka 1975 akatengeneza *Aucassin na Nicolette*, akiwa na umri wa miaka 76. Alifariki tarehe 19 Juni, 1981, katika Dettenhausen karibu na Tübingen.

Mkanda wa asili wa filamu ya Ahmed uliteketea Berlin mwaka 1945. Nakala iliyokuwa imehifadhiwa London ndiyo iliyotumiwa na jumba la makumbusho ya filamu la Frankfurt kuirudisha katika hali yake, pamoja na rangi zake za awali, kazi iliyokamilika mwaka 1999. Kadi za Kijerumani ziliandikwa upya kutokana na hati za idara ya serikali iliyokuwa ikikagua filamu. Kwa kuwa haina usemi mwingine ila kadi hizo, filamu hii ni rahisi kutafsiriwa kuliko nyingine yoyote, na toleo la Kiswahili, likisomwa kwa sauti na mtu mmoja mbele ya watazamaji kama ilivyokuwa desturi katika nchi kadhaa zama za filamu bubu, lingewezekana kwa gharama ndogo. Mfasiri atakayeishika kazi hiyo atakutana na wahusika wakitambulishwa mwanzoni kabisa, na miongoni mwao *der afrikanische Zauberer*. Atalazimika kuamua pale pale, kabla hata ya farasi kuruka, kama ataandika Mchawi wa Kiafrika kwa uaminifu kwa Reiniger, au Mchawi wa Maghrib kwa uaminifu kwa hadithi.